Visahani Vyako na Ulimi Wangu

Nafula mwanangu,

Jina lako limechapishwa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungetaka kujua kwanza, kabla ya habari za kaburi na nani alilia zaidi. Liko ukurasa wa kwanza wa kile kijitabu cha magonjwa ya macho. Nafula, halafu jina la baba yako, halafu "mtaalamu wa maabara". Nimelipitishia kidole mpaka wino ukaanza kufifia, ikabidi nikivalishe kijitabu karatasi ya nailoni kama daftari la mtoto wa nasari. Mtaa wetu wa Kisumu Ndogo mzima umekiona. Akoth wa omena nilimshika kichwa kabisa nikamwinamisha hapo juu ya ukurasa, nikamwambia hii N kubwa unayoiona ndiyo ya mtoto wangu, na wewe wako walioandikwa mahali ni wangapi? Akacheka, akasema, "Mama Nafula, hata msiba haujakupunguza maringo." Haujanipunguza. Utanisamehe. Nikiacha kuringa na wewe nitabaki na nini?

Huu ni mwezi wa tano tangu tukulaze Webuye kando ya baba yako. Kaburi nimeliwekea mawe kuzunguka, kuku wasichimbe. Mimi nimerudi huku, maana huko nyumbani kila anayenisalimia analia na mimi ndiye namnyamazisha, nikachoka. Nauza maharagwe na mandazi mahali pale pale. Ile chupa yako kubwa ya maji bado naijaza kila asubuhi. Miaka thelathini nimekuwa nikikuambia kunywa maji, Nafula, kunywa maji, damu isigande. Mkono wangu haujui kama umekufa. Naijaza, naifunga kifuniko, ndipo nakumbuka. Halafu naimwagilia sukuma wiki ya kwenye gunia. Imenona vibaya sana hiyo sukuma.

Lakini sikuandikii habari ya sukuma. Nakuandikia kwa sababu kuna ukurasa kwenye hicho kijitabu ambao mwenzako Mercy aliuruka akinisomea, na nimejua kwa nini. Sasa kaa, nikuambie yote kwa mpangilio. Unajua mimi nikiharakishwa natupa maneno huku na huku.

Kwanza wewe. Unakumbuka wodi ile ya watoto, ulipokuwa na miaka sita, mifupa inakuuma mpaka unauma shuka? Daktari wa kwanza aliniambia watoto wenye seli mundu, hii damu iliyopinda kama mundu, hawaoni sekondari. Nikamwambia huyu ataona. Huyo daktari sijui yuko wapi siku hizi, ningemtumia hicho kijitabu. Wewe wenzako walikuwa wakimwona mtu wa maabara wanajificha chini ya kitanda. Wewe ulimfuata. Ulimsumbua yule mzee mpaka akakubeba akakutazamisha kwenye darubini yake, ukarudi wodini ukikimbia, na mguu ulikuwa unakuuma, ukasema, "Mama, nimeona damu yangu! Iko na miezi midogo midogo!" Wamama wote wakageuka. Mimi nikalia, wewe ukafikiri nimefurahi. Nilikuwa nimefurahi pia.

Hapo ndipo ulipoanzia. Watu wanasema nilikusomesha. Nilikusomesha ndiyo, mgongo wangu unajua, lakini ule mwezi kwenye damu ndio uliokuita.

Siku uliponipeleka kuona kazi yako nilivaa ile suti ya bluu ya harusi. Ulinionyesha visahani vyako. Ukaniambia mtu akija na kidonda kwenye kile kioo cha mbele ya jicho, ile konea, daktari anakikwangua kidogo kwa sindano, anakupa wewe, unapaka kwenye kisahani chenye chakula, unafunika, unakipasha joto, unangoja. Halafu kesho yake, ama baada ya siku kadhaa, unaona ni nani aliyekuwa anakula lile jicho. Kimoja kilikuwa na vidoti vinang'aa kama mafuta juu ya mchuzi. Kingine kilikuwa na manyoya, kama mkate uliosahauliwa kabatini. Ukasema hao wa vidoti ni bakteria, huyo wa manyoya ni kuvu, na dawa ya huyu haimgusi yule. Nikakuuliza, sasa wewe kazi yako ni kupanda takataka kwenye sahani? Ukacheka mpaka ukashika ukuta.

Na ukaniambia jambo ambalo nilikuwa nalirudia kwa kila mtu kanisani. Ulisema, "Mathe, wadudu wanahama kama watu." Ukanieleza kwamba ulifungua mafaili ya zamani ya hao waliokutangulia ukayalinganisha na yako. Kwamba zamani kuvu mliipata zaidi kwa wakulima, mtu amekatwa na jani la mahindi shambani, na hawa wetu wa mjini walikuwa na bakteria. Siku hizi kuvu nayo imeingia mjini. Watu wanaanza na dawa za dukani, wanatia jichoni wiki nzima dawa ya adui mwingine, na huyu wa manyoya anakula akishiba. Na hata hao bakteria wenyewe wanabadilika, dawa iliyowamaliza jana leo inawakuta wamekaa tu. Ulikuwa unaongea haraka, macho yako ya manjano yale yanawaka. Sikuelewa hata nusu. Nilikuwa nakutazama tu mdomo.

Sasa mimi.

Unajua mimi ni nani. Hapa wananiita Mama Jicho. Kabla hata hujazaliwa, tukiwa tunaishi Kongo kule Kawangware, baba yako akichomelea vyuma na wenzake, nilikuwa nishajulikana. Mtu akiingiwa na kibanzi cha chuma, haendi hospitali, anakuja kwa mke wa Wanjala. Namkalisha kwenye kigoda, namlaza kichwa, namfunua jicho kwa vidole viwili, halafu naweka ulimi. Mara moja tu, kutoka huku hadi huku. Kibanzi nakisikia kama chumvi ya mawe. Natema, namwonyesha. Wanaume wakubwa wenye mikono kama majembe walikuwa wanalia machozi ya raha. Kazi hiyo nilifundishwa na kukhu yangu, nyanya mzaa mama, nikiwa msichana, naye alifundishwa na yake. Alinichagua mimi kati ya wajukuu kumi na mmoja. Alisema ulimi wangu ni mwepesi. Nilifanya bure, sikumdai mtu. Na nilikuwa msafi! Nilisukutua kwa maji ya chumvi, nikatafuna jani la mpera. Mchungaji akifika kwenye yale mahubiri ya kibanzi na boriti, kanisa zima lilikuwa linanigeukia likicheka, nami nasimama kidogo wanione.

Baba yako ndiye aliyekuwa wa kwanza wangu mjini. Hivyo ndivyo tulivyojuana. Sikukuambia hilo kwa sababu uliniona mimi ni mama wa kanisa.

Wewe ukishaanza kazi ya macho ukaanza kunisumbua. "Mathe, hiyo kitu wacha." "Mathe, mwoshe tu na maji safi, umtume kliniki." Nikakujibu nini? Nikakujibu kwamba kabla ya chuo chako kujengwa ulimi wa kukhu ulikuwa unafanya kazi. Nikakuambia mbele ya wageni, na nikawafanya wacheke, kwamba mtoto amesoma sana mpaka anataka kumfundisha bata kuogelea. Uliinamisha uso. Naona ule uso.

Halafu ikaja habari ya Baba Brayo, fundi wa kuchomelea wa Kongo. Wewe unaijua kuliko mimi, lakini niandike, maana sijawahi kuisema ilivyo.

Alitoka Kongo mchana wa jua kali, kitambaa usoni, akaja hadi huku kwangu. Mashine ya kukatia chuma ilimrushia kibanzi. Alikuwa amepita kliniki mbili njiani. Alizipita, Nafula. Aliniambia, "Mimi wale watoto wa makoti meupe siwaamini, nataka Mama Jicho." Nilivimba kichwa! Nikamkalisha mbele ya wateja wote, nikamtoa kibanzi, nikakiweka kwenye kiganja chake. Akaondoka akiimba. Siku ya tatu jicho likawa jekundu. Kisha likatokea doa jeupe katikati, kama tone la maziwa. Akanunua dawa dukani, akatia. Alipofika hospitalini kwenu jicho lilikuwa limeshapasuka, wakalitoa.

Mimi nikasema ni ile dawa ya dukani. Nilisema sokoni, nikasema kanisani, nikasema kwako, jioni ulipokuja na tukawa tunachambua mboga. Nilisema, "Hawa watu wa dukani wamemharibia mtu jicho nililokuwa nimeshaliponya." Uliendelea kuchambua, jani moja moja, ukachambua mpaka mboga ya kesho.

Baada ya wiki moja ulikuja na kile kijiti chenye pamba. Ukasema, "Mathe, fungua mdomo." Nikafungua. Ukanipitishia pamba juu ya ulimi na kando ya meno, ukaitia kwenye kichupa, ukaandika. Mikono yako ilikuwa baridi. Nikakuuliza ni ya nini, ukasema, "Nataka kuona tu." Na mimi nini? Mimi nikajijibu mwenyewe. Nikajua hospitali imesikia habari zangu! Nikajua wanataka kutafuta ile dawa iliyo kwenye ulimi wangu. Ulipofika barabarani mimi nilikuwa nishaanza. Nilimwambia Akoth, nikamwambia mwenye nyumba, nikaenda hadi mtaa wa Raila kumwambia mama wa kwaya: ulimi wangu umepelekwa hospitali kuchunguzwa, mtoto wangu mwenyewe amegundua. Watu wakaongezeka. Walikuja hata wasio na kibanzi, wanataka tu nibariki jicho.

Ulinisikia nikisema hivyo. Ulikuwa umekaa hapo hapo kitandani. Uliniita, "Mathe." Ukaniomba maji.

Mimi nilifikiri ni kiu.

Halafu ukaugua. Hiyo sitaiandika. Ulikuwepo.

Basi wiki tatu zilizopita Mercy akaja, yule mwenzako wa maabara mwenye meno mazuri. Akaleta kijitabu. Akasema hospitali imekichapisha kwa ajili ya wauguzi wa kliniki ndogo, wajue ni wadudu gani wanakula macho siku hizi, na wapi, na watu wanafanya nini kabla ya kuja. Akasema kazi kubwa ni yako. Nikamfunika na khanga mpya mabegani. Nikaita majirani. Kizungu changu unakijua kinaishia darasa la saba, nikamwomba anisomee kwa Kiswahili, polepole, watu wasikie.

Akasoma vizuri. Jani la mahindi, kuvu, dawa za dukani. Kila mahali nilipokumbuka maneno yako nilikuwa natangulia kuyasema, watu wanapiga makofi. Halafu akafungua ukurasa, akautazama, akafungua mwingine haraka. Mimi nimechambua maharagwe maisha yangu yote, Nafula. Jiwe likiruka naliona. Nikamwambia, umeruka. Akasema, "Ni hesabu tu hapo, Mathe." Nikamwambia soma hizo hesabu. Akatazama majirani. Nikawatoa. Akoth alitoka akinung'unika kwamba anatolewa kama mtoto.

Mercy akasoma akiwa ameinamia chini. Kwamba kwa wagonjwa wa mitaa yetu kuna bakteria wa mdomoni, wale wanaoishi kwenye mate, wanaonekana kwenye vidonda vya macho zaidi kuliko wanavyoonekana kwa wagonjwa wa mahali pengine. Kwamba ukiwauliza hao wagonjwa, wengi walilambwa jicho kutolewa kibanzi. Kwamba muuguzi aulize swali hilo kwa upole, bila kumwaibisha mgonjwa wala aliyemlamba.

Wala aliyemlamba. Uliandika hivyo. Ulinisitiri hata kwenye kitabu cha hospitali.

Nikamuuliza, na ile pamba ya mdomo wangu? Mercy akaanza kulia. Nikajua.

Nilimfukuza. Nakuambia ukweli, nilimfukuza mgeni aliyeleta jina lako nyumbani. Nilimwambia ni mwongo, nyinyi watoto mmesoma mkakosa adabu, na khanga nikamvua. Niliona haya hata wakati naivuta.

Nilikaa siku mbili bila kuuza. Nilikuwa nahisi ulimi wangu mdomoni kama kitu cha mtu mwingine. Siku ya tatu nikampigia simu nikamwomba msamaha. Akasema, "Hakuna noma, Mathe." Ndipo akaniambia lile lililobaki. Kwamba uliipanda ile pamba yangu kwenye kisahani, na wakatokea wale wale uliowaona kutoka kwenye jicho la Baba Brayo. Ukakaa na kile kisahani mbele yako. Halafu ukachukua pamba nyingine, ukapaka mdomo wako mwenyewe. Na wako ukatoa wale wale. Ukampaka Mercy, naye vile vile. Ukamwambia, "Si Mathe. Ni mdomo. Kila mtu anao." Ukasema kwa hivyo mdomo wangu hauwezi kuandikwa popote kama shahidi, na hukuuandika.

Nilifikiri hilo litanifariji. Lilinifariji kidogo, usiku huo nililala. Asubuhi likanigeukia. Maana kama kila mdomo ni ule ule, basi kukhu hakunichagua kwa lolote. Nilikuwa na mdomo tu kama watu wengine, na niliuweka kwenye macho ya watu miaka yote hiyo. Wengi walipona, ndiyo. Lakini wale ambao hawakurudi kunisalimia, mimi nilikuwa nasema wamepona wakasahau shukrani.

Basi nikaenda Kongo. Nilikwenda peke yangu, nimevaa viatu vya kanisa, sijui kwa nini. Baba Brayo bado anachomelea, kwa jicho moja. Alivua miwani ya kazi aliponiona, akasema, "Mama Nafula! Umekuja kunilamba la pili?" Wenzake wakacheka. Ningeweza kucheka nao nikaondoka, Nafula. Mlango ulikuwa wazi. Nikasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka: Baba Brayo, jicho lako si dawa ya dukani iliyoliua. Dawa ilikuchelewesha tu kufika hospitali. Wadudu walitoka mdomoni mwangu. Mimi ndiye niliyekuharibia jicho, na nimekuwa nikisingizia wengine.

Mashine zikanyamaza moja moja.

Hakunipiga, hakunitukana. Ningependa angetukana. Alipangusa mikono, akasema, "Nafula aliniletea hiyo habari kitambo." Nikamuuliza lini. Akasema mara tu alipotoka wodini. Ulikuja pale karakana, ukaja tena, na mara ya tatu ukiwa unatembea kwa kushika ukuta, na mfuko wa miwani za kazi ulizoziombaomba sijui wapi. Ukawafundisha kuosha jicho kwa maji safi. Ukawaomba wasije kwangu tena. Na ukawaapisha wasinieleze, wala wasinitukane njiani. Baba Brayo akasema, "Alisema, 'Mama yangu akijua ataacha kula. Mniachie mimi nitamwambia.'"

Kumbe. Mimi nilikuwa nashangaa kwa nini mafundi wa Kongo wameniacha. Nilikuwa nimemlaumu mwanamke mmoja wa huko, nikisema ameliroga jina langu.

Nitakuambia ukweli, mwanangu, maana ukweli ndio tunaofanya sasa. Nilikukasirikia. Nilitembea kutoka Kongo mpaka hapa nikikugombeza kwa sauti, watu wakinipisha njia. Ulinimalizia jina langu kisirisiri. Ulitembea na mifupa ile inayokuuma kwenda kuwaambia wageni, na mimi niliyekuzaa uliniomba maji! Kwa nini hukuniambia? Ningekupiga kelele, ndiyo. Ningekuaibisha mbele ya watu kama siku ile ya bata. Ningekataa. Ndiyo, ningekataa. Nilipofika darajani nilikuwa nishajijibu, nikakaa kwenye jiwe nikalia kilio ambacho sikulia hata Webuye. Pale Webuye nilikuwa nahesabu waliokuja na magari.

Ulibaki na siri hiyo peke yako. Kila ukinitazama nikiringa na ulimi wangu, ulikuwa unabeba jicho la mtu. Nisamehe. Nisamehe, mama.

Sasa sikia la juzi Alhamisi. Akoth alikuwa anapepeta omena, upepo ukampiga, kitu kikamwingia jichoni. Akaja mbio, jicho amefumba, akakaa kwenye kigoda changu bila hata kuulizwa. "Mama Jicho, nitolee." Nikamwambia silambi tena. Akasema, "Acha mchezo, linaniuma." Nikamwambia tena. Wateja wamekaa, wana vikombe mkononi. Akaanza mdomo wake ule: "Ama tangu kitabu kitoke ulimi wako una foleni? Nichukue namba? Ama omena inakunukia, unataka macho ya matajiri wa Karen?" Watu wakacheka, mimi nikahisi joto la ile sifa yangu yote likinivuta kumfunua jicho. Ulimi ulisogea, Nafula. Nakuapia ulisogea wenyewe.

Nikamwambia Akoth: huu ulimi ulimtoa mtu jicho. Baba Brayo wa Kongo. Nafula wangu alipima akaona, na ni kweli.

Mzee mmoja aliyekuwa anakula alisimama akaacha mandazi yake, huyo nilishawahi kumlamba. Nikachukua maji safi ya kunywa, nikamwinamisha Akoth, nikamwosha lile jicho kikombe baada ya kikombe mpaka nguo yake ikalowa, anapiga kelele kwamba namzamisha. Halafu nikafunga maharagwe, nikamshika mkono, tukaenda kliniki. Tulikaa kwenye benchi mpaka miguu ikafa ganzi. Muuguzi akamtia rangi fulani ya njano jichoni, akamulika taa, akasema kuna mkwaruzo kidogo. Akampa dawa na siku ya kurudi. Halafu akamuuliza, kwa upole kabisa, "Kuna mtu amekulamba jicho kabla uje?" Akoth akanitazama. Nikasema, nilikataa.

Kile kijitabu chako kilikuwa mezani pake. Nikamwambia, huyo wa ukurasa wa kwanza ni binti yangu. Huyo muuguzi akasimama, akanishika mkono kwa mikono miwili. Hapo niliringa. Niliringa kidogo tu, halafu nikamweleza na lile lingine, kwamba mimi ndiye yule "aliyemlamba" wa ukurasa ule mwingine.

Jicho la Akoth liko salama. Lakini siku hizi hakuna anayeniita Mama Jicho. Wengine wananisalimia kwa mbali. Mama wa kwaya ameniuliza kama yale maradhi ya zamani ya jicho la mjukuu wake yalitoka kwangu. Nikamwambia sijui, inawezekana. Hilo neno "inawezekana" ni chungu kuliko kusema ndiyo.

Yule muuguzi amenipigia jana. Jumamosi watakwenda Kongo kwenye karakana, kuongea na mafundi na wake zao, maana huko bado kuna wamama wawili watatu wanaolamba, na mmoja ni yule niliyesema aliniroga. Ameomba niende nikaongee. Nimekubali. Nitavaa ile suti ya bluu. Nitajigamba, unanijua, nitawaambia nimemzaa nani na aliona nini kwenye visahani vyake, na sitaharakisha. Lakini hilo litakuja baadaye. Nikisimama nitaanza na Baba Brayo, atakuwa amekaa hapo mbele, na nitasema nilichomfanyia kwa mdomo huu huu, kabla sijataja jina lako. Halafu nitakwenda kwa yule mwanamke nimwombe radhi, na nimshike mkono mpaka aache. Nakuahidi hilo mbele ya baba yako aliye hapo kando yako.

Pumzika, Nafula. Lile ulilokuwa unangoja kuniambia, nimeshaambiwa. Sasa lala.

Mimi mama yako.